Aliyekifuata Kiti cha Diani

Wapo watu wakisikia kisa hiki hucheka, na mimi huwaacha wacheke. Wao hawakuwamo chumbani. Mimi nilikuwamo, mchana kweupe, jua liko utosini, si usiku wa giza ambapo mtu huweza kuogopa hata kivuli cha mgomba. Kwa hiyo usiniambie niliota. Sikuwa nimelala, nilikuwa nimesimama, ufagio mkononi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa mke mchanga hapa Msambweni, na mtoto wangu mmoja tu, Mwanatumu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kutembea. Mume wangu Hamisi alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Diani, katika nyumba iliyoelekea bahari. Bendera ilipobadilika, mzungu naye akafunga virago. Alikuwa mtu wa peke yake, hana mke wala mtoto, na vyombo vyake hakutaka kuvisafirisha. Akamwachia Hamisi kiti kimoja na kimeza chake. Vikaletwa hapa juu ya lori la korosho, nami nikatoka mlangoni kuvipokea kama napokea bibi harusi.

Wewe uliyezaliwa juzi hutaelewa. Viti gani tulivijua sisi? Vigoda, vitanda vya kamba, na kile kiti cheusi cha mpingo cha baba mkwe, kimechongwa nakshi tele mgongoni, kukihamisha wataka wanaume wawili na kukifuta vumbi wataka kijiti cha kuchokolea kila kitundu. Hiki cha Diani hakikuwa na nakshi hata moja. Mbao tupu, zimelainishwa mpaka zinateleza, mikono imepinda kidogo kama upawa, na miguu minne myembamba imekaa mshazari, kama ya mwanambuzi anayesimama mara ya kwanza. Kila mguu ulivishwa kikofia cha shaba nchani. Mto wake rangi ya bizari. Nilikiinua kwa mkono mmoja, mtoto kiunoni, nikafagia chini yake. Chini yake! Sakafu yote ilionekana. Chumba kikawa kikubwa na hakuna aliyekiongezea hata ufito mmoja.

Wanaume walikuwa na uhuru wao wa hotuba na bendera. Wangu mimi ulikuwa kile kiti. Nilipokikalia baada ya kazi nilijiona mtu wa zama mpya, na sisemi hivyo kwa kujuta, nilifurahi kwelikweli. Majirani wakaja kutazama mmoja mmoja. Fundi seremala wa mtaa akaja na kamba yake ya kupimia, na haukupita muda nusu ya nyumba za hapa zikawa na viti vya miguu ya mshazari. Mama mkwe peke yake ndiye aliyelalamika.

"Kiti hiki chanimeza," akasema. "Kuingia rahisi, kutoka mpaka niitiwe watu."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye mambo. Waijua desturi yetu ya pwani. Mtu akikisifu kitu chako, husema mashallah, kisha akasema kizuri. Nawe humjibu, "Karibu, ni chako." Ni adabu tu. Hakuna anayekichukua, kama vile mpita njia ukimkaribisha chakula hukushukuru na kwenda zake. Tangu kile kiti kiingie nyumbani, nilikuwa nimelisema neno hilo mpaka likawa linatoka lenyewe kama pumzi.

Ikawa Ijumaa moja. Wanaume wote wako msikitini, mama mkwe amekwenda hitimani kwa jirani, kumenyamaza mpaka nasikia kuku wakiparura. Nafagia. Nikasikia, "Hodi, hodi wenyewe."

"Karibu."

Akaingia mwanamke mrefu, ndani ya buibui, uso wazi, mzuri wa sura, rika langu hivi. Akanipa mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na laini sana.

"Starehe, mwenzangu, starehe," akasema, kama mtu anayemwambia mwenyeji asinyanyuke. Na mimi nilikuwa nimesimama! Nikalistaajabia kidogo, nikaliacha lipite. Mgeni hachunguzwi mlangoni.

Nikamwonyesha kitanda, "Karibu kitako." Hakukitazama. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akaketi. Naomba uamini jambo hili dogo kabla sijakuambia kubwa: hakuna mtu aliyekikalia kile kiti mara ya kwanza bila kushtuka. Kilikuwa chini kuliko ulivyodhani, kila mtu alipapasa, akatumbukia, akacheka. Yeye aliketi kama aliyekuwa akikikalia miaka.

"Kizuri kiti hiki," akasema.

Umesikia mashallah hapo? Na mimi sikuisikia. Lakini masikio yangu hayakuitafuta, yalikuwa yakisubiri sifa tu.

"Karibu, ni chako."

"Nimepokea," akasema.

Nikacheka, nikidhani ni utani wa watu wa upande wake. Nani hujibu hivyo? Akaupapasa mkono wa kiti, polepole, kisha akakitazama kimeza. "Nacho kizuri."

"Karibu."

"Nimepokea."

Mwanatumu alikuwa mkekani. Akainuka, akaja akiyumba na vihatua vyake, akajishika kwenye goti la mgeni. Mwanamke akamwangalia. Akamwangalia sana.

"Na huyu naye mzuri."

Ewe Mola, ulimi ni mnyama gani? "Karibu," nikasema, huku nawaza maji ya kumpa mgeni, "ni wako."

"Nimepokea."

Akaegemea. Na kile kiti, ukikiegemea, magoti hupanda juu. Ukikaa mkekani hukunja miguu ukaificha, kitandani shuka huning'inia ikakusitiri, lakini kiti cha Diani hakikumsitiri mtu. Buibui likapanda. Nikaiona miguu yake. Haikuwa miguu ya mtu, wala haikuwa kwato kama wanavyosimulia wazee. Ilikuwa mbao. Myembamba, imelainishwa mpaka inang'aa, imekaa mshazari, na nchani imevishwa vikofia vya shaba. Ilisimama sambamba na ile ya kiti, na kwa nukta moja sikujua ipi ni ya nani.

Nikamnyakua mtoto kwa nguvu mpaka akapiga kelele.

"Usimtishe," akasema yule mwanamke, kwa upole ule ule. "Nilelee kwanza. Nitamfuata." Akainuka bila kushika popote, akatoka kwenye jua. Nilipopata nguvu ya kuchungulia, hayupo. Katika uwanja nilioufagia asubuhi palikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, viwili viwili, vimeelekea baharini.

Hamisi aliporudi alinikuta juu ya kitanda, nimemkumbatia Mwanatumu, ushungi wangu umelowa jasho. Nikamweleza. Nilitaka aniambie nimeingiwa na wazimu, ningemshukuru. Badala yake akakaa chini.

"Mzungu alikuwa akinilaumu," akasema. "Kila asubuhi hukikuta kiti kimegeuzwa kutazama bahari. Akidhani ni mimi ninayekikalia usiku."

Mama mkwe aliuliza swali moja tu. "Alisema mashallah?"

"Hakusema."

"Nawe ukamkaribisha?"

Nikaitikia kwa kichwa. Yeye akajifunika uso kwa leso, na mimi nikaanza kulia, kwa sababu nilikuwa nikingoja anikaripie na hakunikaripia.

Hamisi alitaka kukichoma kiti. Mama yake akamkataza, akasema huwezi kuchoma mali ya mtu uliyempa kwa kinywa chako. Basi tukakirudisha. Hamisi akakipeleka Diani pamoja na kimeza chake, akaviweka kwenye baraza la ile nyumba tupu, akavielekeza baharini. Nilidhani yule mwanamke ameridhika. Wewe ungalidhani nini? Mtu kapewa vitu vyake, atafuata nini tena?

Ijumaa iliyofuata mlango nilikuwa nimeukomea. Adhana ikaisha, kukanyamaza kama ile mara ya kwanza. "Hodi," ikaja sauti, karibu kabisa na mbao. Nikauziba mdomo wa Mwanatumu. Akangoja kidogo kama mgeni mstaarabu. Kisha akasema, "Vya Diani nimeviona, ahsante. Bado mwanangu."

Tangu siku hiyo sikujua kukaa. Niliweka sufuria motoni nikasahau nimepika nini. Nililala nimejifunga mtoto kwa kanga, fundo mkononi mwangu. Akipita mtu njiani na buibui, moyo unanipasuka. Na Mwanatumu mwenyewe kila Ijumaa alikuwa akienda mlangoni, akaketi, akautazama, kimya, kama mtoto aliyeambiwa babake yuko njiani.

Mama mkwe akasema kitu kilichozoea bahari hakiwezi kupanda nyika, ukame utakirudisha nyuma. Mdogo wangu Riziki alikuwa ameolewa Kinango, kwa mtu wa ng'ombe, mahali ambapo maji watu huyafuata tangu alfajiri na kurudi na ndoo nusu. Hakuwa amejaliwa mtoto. Nikampelekea wangu. Nikamwambia, "Usimwambie ana mama mwingine. Mtoto akijua, ataulizia, na akiulizia, yule atasikia." Riziki alilia, mimi sikuweza. Nilikuwa namsikiliza Mwanatumu akicheka na mbuzi nyuma ya nyumba, nikirudi kinyumenyume kuelekea njiani ili asinione.

Sijaenda Kinango tena. Yule alikifuata kiti kutoka Diani mpaka hapa, je, mimi atashindwa kunifuata? Ndiyo maana sikuhama nyumba hii hata Hamisi alipofariki na watoto wengine walipotaka kunichukua Ukunda. Nimekaa ili hodi zibishwe hapa. Na zinabishwa bado, si kila Ijumaa, wakati mwingine mwaka mzima hupita nikaanza kujidanganya. Nami hujibu kwa ndani, mlango umefungwa, "Hayupo." Huondoka bila ugomvi. Ana subira, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Siwakatazi vitu vizuri. Kiti kile kilikuwa kizuri, na leo nikikiona cha namna yake katika hoteli hizi mpya moyo bado unakiendea mbio, nisikudanganye. Ninalokuonya ni hili: mtu akikisifu kilicho chako, sikiliza kwanza ametanguliza jina la nani. Asipolitanguliza, litaje wewe, kisha unyamaze. Adabu haitakufa kwa siku moja. Na watoto usimpe mtu kwa neno la karibu, hata kwa mzaha, hata shangazi yao.

Mwanatumu ni mtu mzima sasa, ameolewa huko huko, ana watoto. Mwaka jana alikuja pwani kwa matibabu ya macho ya mwanawe, Riziki akamwambia apite kunijulia hali. Haikuwa siku ya Ijumaa, nilihakikisha. Nikamfungulia. Ana paji la uso la Hamisi, na ana namna ya kusimama ambayo ni yangu. Akapiga goti kidogo, kwa heshima ambayo mdogo wangu amemfundisha vizuri sana.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu," kama anavyojibu mwanamke yeyote wa umri wangu, naye akaingia.