Bi Pumua na Moyo wa Dada Yake

Katika kliniki ile ya moyo wagonjwa walimwita Bi Pumua, maana maneno yake ya siku nzima hayakuzidi hayo: vuta pumzi, shusha, usipumue kwanza, haya, pumua. Kazi yake ilikuwa kupima moyo kwa mashine ya ultrasaundi. Miaka kumi na tisa alikuwa ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha, taa imefifishwa ili kioo kionekane, mgonjwa amelala ubavu wa kushoto, naye amekaa pembeni akikandamiza kile kidude cha kupimia katikati ya mbavu. Bega lake la kulia lilikuwa limekufa nusu. Hata kuvaa blauzi alianza na mkono huo, tena kwa kuubembeleza.

Sharti la chumba lilikuwa moja: aone, apime, aandike, anyamaze. Majibu ni ya daktari. Mgonjwa akiuliza, "Vipi, uko salama huo moyo?" alijibu, "Daktari atakueleza," na uso wake usiseme kitu. Mzee mmoja aliwahi kumwambia, "Binti, wewe ungecheza karata ungetufilisi."

Alikuwa na dada mmoja tu, aliyemtangulia kwa miaka kumi na miwili. Mama yao alipofariki, dada huyo ndiye aliyemlea, akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Alikuwa mtu wa mizaha, na kuugua alikuona kama uvivu. Kwa hiyo aliposema kwenye simu, "Mdogo wangu, ngazi zinanishinda siku hizi, nikifika juu natweta kama nimefukuzwa," Bi Pumua alicheka. Alikuwa anakula upesiupesi kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Umri huo, dada. Punguza kazi, upumzike."

Miezi miwili baadaye dada akasema viatu vinambana jioni. Bi Pumua akamwambia anyanyue miguu akikaa. Mtu aliyetazama mioyo kumi na minne ya watu baki kwa siku hakupata nusu saa ya kuutazama wa ndugu yake. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Huyu hata wa tumbo moja hakumnyoa.

Mwezi wa nane, binti wa yule dada, mwalimu wa chekechea, alimleta mama yake kliniki bila kumwuliza mtu.

"Mama mdogo, mama hawezi kulala chali tena," alisema mlangoni. "Analala amekaa."

Bi Pumua hakuhitaji kusikia zaidi. Mwenzake wa zamu alikuwa likizo, hivyo hapakuwa na wa kumwachia. Akamlaza dada yake kitandani, akampaka jeli kifuani.

"Hii mmeitoa kwenye barafu?" dada akaruka. "Ndivyo mnavyopokea wageni?"

"Vuta pumzi. Shusha. Usipumue."

"Kwani hapo nilikuwa napumua?" Akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi.

Kwenye kioo, chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenda mwilini kilikuwa kimetanuka kama puto. Kuta zake zilitikisika tu, hazikubana. Moyo wenye afya, kwa kila pigo, hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Huu ulitoa kidogo sana, hata robo haikufika. Akapima. Akapima tena. Akapima mara ya tatu kwa upande mwingine, kama anayeibembeleza mashine imdanganye.

"Niambie," dada akasema.

"Daktari atakueleza."

"Mimi si mgonjwa wako. Mimi nimekufunga nepi."

Bi Pumua alichukua karatasi laini akaanza kumfuta jeli, polepole, hata palipokuwa pamekwisha kukauka.

"Basi," dada akasema kwa sauti ndogo. "Umeshaniambia."

Daktari, mwanamume mpole asiye na haraka, aliwaita wote watatu. Akauliza dalili zilianza lini.

"Kama wiki tatu hivi, daktari," dada akajibu upesi.

Daktari akaandika. Dada hakumtazama mdogo wake, akatazama ukuta. Bi Pumua akaelewa: alikuwa anakingwa, kama alivyokingwa utotoni alipovunja vyombo vya jirani na dada akajitwika lawama. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko alikojua.

"Si wiki tatu," akasema. "Ni miezi minane. Aliniambia mimi, nikamwambia apumzike."

Kalamu ikasimama. Binti akageuka, akamkodolea macho mama yake mdogo kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Na wewe nani kakuuliza?" dada akafoka.

Dawa zilisaidia kidogo. Miguu ilinywea, ikavimba tena. Ikawa miezi mitano ya namna hiyo. Kila Jumamosi Bi Pumua alikwenda kumwosha nywele, na Jumamosi moja akashindwa kuvumilia, akamwomba msamaha.

"Nikusamehe nini? Na mimi nilikuwa na miguu, ningekuja mwenyewe." Maji yakamtiririka shingoni. "Ila nilitaka wewe ndiye uniite."

Alifariki asubuhi ya siku ya kazi. Simu ilitetemeka mfukoni mwa Bi Pumua wakati mgonjwa kitandani amebana pumzi kwa kuambiwa. Alimaliza picha ile, akasema, "Haya, pumua, baba," ndipo akatoka nje kupokea.

Msibani binti hakumsemesha. Wiki sita baadaye daktari alituma ujumbe kwamba ugonjwa ule huweza kukaa katika ukoo, kwa hiyo watoto na ndugu wapimwe. Bi Pumua alipimwa na mwenzake. Hakukutwa na kitu, na hakujua afurahi au aone haya. Kisha binti akaja. Mwenzake alikuwepo, tayari.

"Hapana," binti akasema. "Anipime mama mdogo. Safari hii atatazama vizuri."

Bi Pumua aliyameza maneno yale. Kipimo cha dakika ishirini akakifanya kwa dakika arobaini. Hakuacha ukuta wala vali ya moyo hata moja. Alipomaliza, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, hakumsubiri daktari.

"Ni mzima," akasema. "Mzima kabisa, mwanangu."

Binti alijifuta mwenyewe, akafunga vifungo, akasema asante, akaondoka.

Siku hizi huja nyumbani kwa Bi Pumua kila baada ya wiki mbili tatu. Hukaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Huzungumza habari za watoto wa chekechea, nani kang'oka jino, nani kamng'ata nani. Marehemu hatajwi. Mmoja akikaribia kumtaja, mwingine huinuka kwenda kuosha vikombe.