Baka Lisilosikia Kitunguu Saumu

Katika soko la Nyasubi, mtu aliyeota mapunye au kuliwa na fangasi vidole vya miguu alielekezwa kwa Nyamizi, Mama Hosiana. Aliuza vitunguu saumu na tangawizi, lakini sifa yake ilikuwa ule mchanganyiko wa kitunguu kilichotwangwa na mafuta ya nazi. Wachimbaji waliotoka Bulyanhulu, miguu imechachuka ndani ya mabuti, walipiga mayowe alipowapaka, naye akacheka. "Vumilia, baba. Kikiuma ndiyo kinafanya kazi."

Mwita, kijana wa Kikurya, hakupiga mayowe. Alikuwa na baka lililopauka juu ya kifundo cha mguu. Nyamizi akapaka, akangoja.

"Hakiwashi?"

"Wala, mama."

"Basi ngozi yako ngumu," akasema, akampa kopo zima aende nalo machimboni.

Baka kama lile lilipomtokea yeye mwenyewe karibu na kiwiko cha kulia, hakuhangaika. Alipaka asubuhi na jioni. Halikuondoka. Akaponda kitunguu kibichi, akakifunga kwa kitambaa kutwa nzima. Jioni Masalu, mumewe, alipokifungua, ngozi ilitoka nacho.

"Mama Hosiana, umejiunguza! Husikii?"

"Sisikii," alijibu, tena kwa fahari kidogo. Aliona amekizoea.

Rhoda, muuza dagaa wa meza ya jirani, alimsihi. "Ng'wanawane, mwanangu, nenda hospitali."

"Nikaonekane na nani? Mtu wa dawa za ngozi apange foleni ya ngozi? Kesho nitamuuzia nani?"

Akaendelea na kitunguu chake. Mvua zikaja, zikapita. Kidole chake cha mwisho kikaanza kujikunja, kikafuatwa na cha pili yake, na vikombe vikawa vinamponyoka hata mbele ya wageni. Siku sufuria ya moto ilipomchuna kiganja naye akajua kwa harufu tu, alijitanda kanga mpaka usoni, akaenda hospitali.

Tabibu aliyeitwa Charles alimwambia afumbe macho, aseme kila akiguswa na pamba. Nyamizi akafumba, akangoja. Akangoja sana.

"Anza basi, mwanangu."

"Nimeshamaliza, mama."

Alimweleza taratibu. Ni ukoma. Unapona, vidonge ni vya bure, na akishaanza kuvimeza hamwambukizi mtu. "Ila mishipa ya fahamu ikishakufa, sikudanganyi, vidole hivi huenda visinyooke tena. Baka lisilosikia ndilo la kukimbilia hospitali. Ungekuja lilipoanza..."

Masalu na Hosiana walipimwa, wakakutwa wazima. Hata hivyo Masalu alimchukua mtoto wakaenda Samuye kwa kaka yake. "Mpaka upone," alisema, akiwa amesimama mlangoni, hakuingia kumuaga. Sokoni nako habari zilifika kabla yake. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri, wakavuka meza yake, wakanunua vitunguu kwingine. Rhoda peke yake aliendelea kumkalia karibu, na huruma yake ilimuuma Nyamizi kuliko wale waliomkwepa.

Lakini kilichomnyima usingizi ni Mwita. Alijua sasa kwa nini yule kijana hakulia.

Akapanda bodaboda mpaka machimboni, akauliza kambi kwa kambi. Alimkuta amekaa nje ya hema na wenzake, wanakula ugali sahani moja. Mguu wake ulikuwa ndani ya buti lililokatwa mbele, na kitambaa kilichofungwa humo kimelowa usaha.

"Shikamoo, mama! Dawa yako iliniishia."

"Marahaba. Njoo pembeni, baba, nina neno."

"Sema tu, hawa ni ndugu zangu."

"Njoo, nakuomba."

Walisogea, lakini mahema yalikuwa yamebanana. Nyamizi akanong'ona. Mwita akamtazama, akautazama ule mkono wake uliojikunja, na sauti yake ikapanda yenyewe.

"Ukoma? Mimi? Si wewe uliyenipaka? Ulinipa nijipake nini miezi yote hiyo?"

Nyuma yao mkono mmoja ulitoka kwenye sahani, kisha wote. Mmoja aliingia hemani, akatoka na godoro la Mwita, akaliweka chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuligusa.

"Twende wote," Nyamizi alimsihi. "Dawa ipo, ni bure, mimi mwenyewe nameza. Nitakushika mkono."

"Usiniguse!"

Akachukua godoro, akaondoka akichechemea kuelekea barabarani, wala hakugeuka.

Wiki ile ile Nyamizi alimuuliza Charles kama amefika kijana mrefu anayechechemea. Hakufika. Akaulizia vituo vingine. Akarudi machimboni, mchimbaji mmoja akasema amesikia dhahabu mpya imefumuka upande wa Geita, pengine kaenda huko, pengine kwao Tarime. Pale lilipokuwa hema lake, mtu mwingine alikuwa ameshafunga turubai.