Kumwuliza Mwenye Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uhamasishaji wa afya hapa Isiolo nilipewa meza isiyo na droo, katoni moja ya mabango, na agizo ambalo nilidhani ni utani. Nilikuwa nimefanya uuguzi wodini kwa miaka mingi, nimezoea sindano na kupima presha. Mkuu wa Uhamasishaji, mtu mrefu kutoka Nyeri aliyependa kuongea akiwa amesimama, akaniambia, "Sista Zeinab, kuanzia leo utafundisha watu kuongea."

"Watu wa Isiolo?" nikamwuliza. "Bwana Mkuu, umewahi kupita pale wanapouza miraa?"

Hakucheka. Alinieleza kwamba watu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, lakini kabla ya hapo wamekutana na watumishi wengine: karani wa chifu, askari wa getini, msomaji wa mita za maji, mchanjaji wa mifugo. Kila mmoja wao akijua kuuliza jambo dogo kuhusu afya na kusikiliza, tutawafikia wengi mapema. Kazi hiyo tuliiita mazungumzo mafupi. Karani hakutakiwa kupima mtu wala kutaja ugonjwa. Alitakiwa kuuliza swali wazi, yaani lile lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana, kisha ikibidi aandike rufaa, kile kikaratasi cha kumtuma mtu zahanati.

Darasa la kwanza tulilifanya katika ukumbi wa kanisa kando ya barabara kuu. Nilisoma kitabu cha mafunzo ukurasa kwa ukurasa. Baada ya chai nikawaambia waigize. Mutwiri, msaidizi wa daktari wa mifugo, Mmeru mnene mwenye sauti ya chini, alisimama mbele ya karani mmoja wa kike. "Habari? Unalala vizuri? Unakunywa pombe? Kiasi gani? Tangu lini?" Karani akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka. Mkuu alikuwa amekaa nyuma, na jioni akaniita.

"Umewafundisha kuhoji, Sista. Polisi tayari tunao."

Maneno hayo yaliniuma, lakini pia yalinifanya nitake kujua. Kama hatuwafundishi kuhoji, tuwafundishe nini? Kitabuni hamkuwa na jibu. Wiki iliyofuata nikaomba nafasi kwenye gari la mifugo, nikaenda na Mutwiri hadi Gotu kwenye chanjo.

Nilikaa juu ya jiwe kando ya ile njia nyembamba ya mbao ambamo ng'ombe hupitishwa mmoja mmoja. Nilichosikia sijakisahau. Mfugaji alimweleza Mutwiri habari za ng'ombe wake kwa undani ambao wodini sikuwahi kuupata kwa mgonjwa yeyote. Huyu amepunguza kula tangu mvua ilipokatika. Huyu anakohoa akilala, akisimama anaacha. Yule tangu ndama wake afe hataki kutembea na wenzake. Mutwiri aliuliza, akangoja, akashika sikio la ng'ombe, akauliza tena. Hakuna aliyekuwa na haraka. Kisha nikamgeukia mfugaji mmoja, nikamwuliza, "Na wewe mwenyewe, mzee, hali yako?"

"Mzima."

Basi, lilikuwa neno moja tu. Njiani tukirudi nikamwambia Mutwiri kwamba kile ninachohangaika kufundisha, yeye anakifanya kila siku, isipokuwa kwa ng'ombe.

"Sista, ng'ombe haoni haya," alinijibu. "Halafu mimi niko na ng'ombe mia wanangoja kwa laini. Nikianza kuuliza kila mtu mambo ya usingizi, jua litatua."

Tulibishana mpaka mjini. Mwishowe tukakubaliana: mtu mmoja kwa siku, yule ambaye moyo wako unakuambia umwulize. Nikabadilisha mafunzo. Siku ya kwanza hakuna kuuliza chochote, ni kukaa mahali pako pa kazi na kusikiliza watu wanaongea nini wenyewe. Siku ya pili ndipo tunaingia kwenye maswali.

Nisije nikawafanya mnaosoma mdhani mambo yalikwenda sawa tangu hapo. Kule Kipsing karani mmoja niliyemfundisha, kwa nia njema kabisa, alimwuliza mama mmoja kuhusu kikohozi chake mbele ya foleni nzima. Mama akageuka akaenda zake. Afisa wa Kifua Kikuu alinigombeza kwa simu, na alikuwa na haki. Nilisafiri mwenyewe kwenda kumwomba mama yule msamaha. Aliniletea kigoda nikae, lakini maneno yake yalikuwa makali: "Mlitaka kunisaidia. Sasa hata kisimani wananiachia nafasi, nachota maji peke yangu." Alikubali dawa baadaye, ila uso wake ulibaki nami. Tangu siku hiyo somo la faragha, yaani kulinda siri ya mtu, nililifundisha kabla ya somo lolote, na nililifundisha kwa kisa hicho, bila kutaja jina.

Halafu ukaja ule ukame mrefu. Mizoga ilitapakaa hadi kando ya lami. Asubuhi moja Mutwiri alinipigia simu kutoka Gotu. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Sista, leo nimepata mtu wangu wa siku, lakini sijui kama nimeharibu."

"Nani?"

"Mzee mmoja, anaitwa Galgalo. Hii ni mara ya tatu anakuja kwa chanjo, anasimama tu pale kwa mbao. Hana mnyama hata mmoja, wote wamekufa. Tumeongea kidogo. Sasa ameniomba chupa ya dawa ya kupe."

Ile ni sumu. Mtu asiye na hata mbuzi, dawa ya kupe ya nini?

"Umempa?"

"Hapana! Nimemwambia tukunywe chai kwanza. Ameketi ndani ya gari yetu. Sista, nifanye nini?"

"Usimwache. Mwulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakutampa wazo hilo, usiogope. Na hizo dawa zote zifungie mbali naye. Nakuja."

Nilikwenda kwa Mkuu kuomba gari. Wakati huo alikuwa Mkuu mwingine, mwanamke mchapakazi aliyehesabu kila safari.

"Ni mgonjwa?" akaniuliza.

"Sijui."

"Ambulensi haiendi kwa mtu ambaye hujui kama ni mgonjwa, Zeinab. Iko zamu ya kina mama wajawazito."

"Basi nipe gari lako," nikasema. Sikuwahi kuongea na mkubwa namna hiyo. Alinitazama, akafungua mkoba, akanipa ufunguo.

Nilimkuta Galgalo kwenye kiti cha mbele cha gari la mifugo, kikoi chake safi, kilemba kimefungwa vizuri, kikombe cha chai kimepoa mkononi. Mutwiri alikuwa amekaa kwenye usukani, ametoka jasho kama aliyebeba magunia. Ng'ombe walikuwa bado wanangoja na wenye mifugo hawakulalamika.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam." Akanitazama. "Huyu amekuambia?"

"Ameniambia ana wasiwasi juu yako. Mengine ni yako mwenyewe kuniambia, ukitaka."

Alimrudishia Mutwiri kikombe. Kisha akasema usiku hapati usingizi, na akisinzia anasikia kengele za ng'ombe wake, akiamka boma ni tupu. Mke wake anajua ng'ombe wamekufa, ila hajui yaliyo moyoni mwake, kwa sababu kila asubuhi anachukua fimbo na kutoka kama anayekwenda machungani. Hata lile swali la kujiua, ambalo Mutwiri alikuwa amemwuliza kabla sijafika, alilijibu tena: ndiyo, alikuwa amefikiria. Alisema hivyo akitazama mbele kwenye kioo, kwa sauti ya mtu anayetaja bei.

Tulimpitia mke wake, tukaja nao wote wawili mjini kwenye kliniki ya afya ya akili. Galgalo alipata dawa za miezi kadhaa na mtu wa kuongea naye. Lakini kilichomwinua hakikutoka hospitali peke yake. Mke wake alipojua, aliwaambia wazee wa ukoo. Desturi ya Waborana ni kwamba aliyeangukiwa na janga huchangiwa mifugo na watu wake, ila Galgalo aliona haya kuomba wakati kila mtu amepoteza. Walikaa, wakamchangia. Haikuwa mingi, lakini fimbo yake ilipata kazi.

Na Mutwiri? Wiki mbili baadaye niligundua hakuna aliyemwuliza hali yake. Nilimkuta ofisini kwao akipanga chupa za chanjo zilizokuwa zimepangwa tayari. Nikavuta kiti. "Wewe unalalaje siku hizi?" Machozi yalimtoka mtu yule mnene, akasema kila akifungua sanduku la dawa anahesabu chupa za dawa ya kupe mara mbili. Tangu hapo saa ya mwisho ya kila mafunzo ikawa ya watumishi wenyewe, mlango umefungwa, hakuna wa kuandika. Wakubwa waliuliza saa hiyo ina faida gani katika ripoti. Sikuiondoa hadi nilipostaafu.

Sasa niko nyumbani. Asubuhi namwagilia sukuma wiki, jioni wajukuu wananifundisha Sheng. Wauguzi vijana huja kuniuliza siri ya ile kazi, nami huwaambia ukweli kwamba sikuijua vizuri. Nilifundisha maswali mengi, na mpaka leo sijui kwa nini swali moja hufungua mtu na lingine humfunga.

Juzi juzi nilikutana na Galgalo soko la mifugo. Amezeeka, ameleta beberu mmoja kuuza. Tulisalimiana sana, habari za mke, za watoto, za mvua. Kisha nikamwuliza jambo nililotaka kujua miaka yote hiyo: siku ile, kwa nini alimwambia Mutwiri, na si mtu mwingine?

"Watu wote walikuwa wananipa pole," akasema. "Hiyo daktari ya ng'ombe hakunipa pole. Aliniuliza ng'ombe zangu zilikuwa rangi gani."

Swali hilo halimo katika kitabu chochote nilichowahi kufundishia. Nikagundua kwamba hata mimi, niliyemtembelea mara nyingi baada ya siku ile, sikuwahi kumwuliza. Nikavuta leso yangu, nikaitandika juu ya ukingo wa saruji, nikaketi.

"Zilikuwa rangi gani, mzee?"

Akaegemea fimbo, akaanza na ile nyeupe yenye doa jeusi shingoni. Alizitaja moja moja, kila moja na mama yake, mpaka adhana ya adhuhuri ikatukuta pale, na bado hajafika nusu.