Ufagio wa Walburga

Walburga alizaliwa wiki tatu kabla yangu, nyumba ya upande wa pili wa ngazi ya mawe, na tangu hapo amenitangulia kwa kila kitu. Alitembea kabla yangu, akaolewa kabla yangu, hata ujane aliuanza yeye. Mumewe alimwachia mizabibu ya upande wa jua. Wangu aliniachia ya kivulini. Watu wa mji wetu, Hohenbruck, watakwambia ni mwanamke mpole, hodari, hana makuu. Ni kweli, na ndicho kinachoniudhi.

Kila Oktoba, mvinyo mpya ukiwa bado unachemka kwenye pipa, mweupe kama maji ya mchele, kila mmoja wetu hutundika ufagio wa vijiti juu ya mlango wake. Ufagio ukiwepo, ingia uani, keti, unywe, ule mkate wa vitunguu. Usipokuwepo, hata kama unasikia watu wanacheka ndani, unapita zako. Hapa kwetu hakuna anayebisha hodi kwenye mlango usio na ufagio.

Wageni hushuka kwenye kivuko cha mtoni, wakapanda ngazi mia moja na arobaini hadi lango la zamani, wakihema. Wakifika juu wanakuta milango yetu miwili, nao wanaingia kwa Walburga. Mkate wake una chumvi nyingi. Nimesema miaka yote, hakuna anayenisikia.

Ningevumilia kama si Bwana Ansgar, fundi saa mstaafu kutoka Kassel, mjane, aliyekuwa akija kila vuli, siku moja ile ile. Mwaka mmoja ua wa Walburga ulijaa, akaja kwangu, akala vipande viwili, akasema, "Bi Traudel, hapa mtu anaweza kuzeekea." Maneno hayo tu. Niliishi nayo miaka miwili.

Vuli ya mwaka wa pili nilinunua blauzi ya samawati. Asubuhi ya siku ya Ansgar kuja nikamwona Walburga amesuka nywele, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mumewe. Alikuwa akitandika kitambaa cheupe kwenye meza moja, ya watu wawili.

"Shoga, leo umependeza! Unaolewa nini?" nikamtania kutoka dirishani.

"Acha maneno yako, Traudel." Akawa mwekundu mpaka shingoni. "Nenda kaangalie mkate wako usiungue."

Gere ilinishika. Mchana, alipoingia jikoni kukanda unga, nilivuka, nikapanda juu ya benchi lake, nikautoa ufagio kwenye msumari na kwenda kuuficha nyuma ya jiko langu.

Saa tisa alasiri Ansgar alifika. Alisimama mbele ya mlango wa Walburga akiutazama ule msumari, akasimama sana. Kisha akageuka, akaja kwangu. Nilijiona mshindi. Nikamkatia kipande kikubwa, nikammiminia mvinyo mpaka ukafurika.

"Walburga leo hajafungua," nikasema. "Labda kachoka."

"Hapana. Amenijibu." Alikuwa akizungusha gilasi bila kunywa. "Nilimwandikia barua nikamwomba tuoane. Akaniandikia: njoo siku yako ile ile. Ukiukuta ufagio, nimekubali. Usipoukuta, tafadhali usibishe hodi, tusije tukaaibishana."

Nikachukua kitambaa, nikafuta mvinyo uliofurika mezani.

"Mkate wako mtamu, Bi Traudel," akasema kwa adabu. Alikuwa ameuma mara moja tu. "Niwahi kivuko cha saa kumi. Sidhani kama nitarudi tena huku."

Akashuka. Mimi nikabaki nimekaa, na nitasema kweli: niliona raha kidogo, kwamba safari hii hata yeye hapati. Ndipo Walburga akatokea mlangoni, mikono ina unga.

"Traudel, hujamwona mtu akipita?"

Hakutazama juu, kwenye msumari. Macho yake yalikuwa kwenye ngazi. Miaka sitini na sita namjua, sikuwahi kumwona ameogopa.

Nikauchomoa ufagio, nikashuka zile ngazi zote na goti langu bovu na blauzi yangu ya samawati, watu wananikodolea macho. Kivuko kilikuwa kimeshaacha gati. Kuita hakukufaa kitu, injini ilinguruma. Nikauinua ufagio juu ya kichwa kwa mikono miwili.

Alikuwa amekaa nyuma, anautazama mji. Akasimama. Akavua kofia.

Lakini kivuko hakigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja. Lazima kifike ng'ambo, kishushe, kipakie, ndipo kirudi. Nikasimama hivyo hivyo, mikono juu, nikihofia kwamba nikiushusha atadhani amekataliwa tena. Nikasikia hatua za Walburga nyuma yangu.

"Huo si ufagio wangu?"

"Ni wako. Niliuondoa mimi."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alinitazama, akakitazama kivuko.

"Mikono inakutetemeka," akasema. "Nipe."

Akauinua mwenyewe. Nikapanda juu peke yangu, nikakila kipande alichokiacha Ansgar. Kilikuwa kitamu kuliko cha Walburga, nitalisema hilo mpaka nife. Na aliyekiacha sasa anaketi mkabala na dirisha langu kila siku ya Mungu, anakula cha chumvi, na anaomba aongezwe.