Meneja Alikuwa Mke wa Mwanangu

Kuna kiboko aliyenikatiza shule, na hili si la kutunga. Nilikuwaga mdogo, nimepelekwa kwa mjomba, kule Murangi kando ya ziwa, nikasome, maana kwetu Butiama mtoto wa kiume akianza kutembea tu anapewa fimbo ya ng'ombe. Nimefika darasa la tatu, herufi nimezishika, ndipo asubuhi moja kiboko akatoka ziwani, akala mihogo ya shule, akalala nyuma ya darasa letu. Kesho yake karudi. Mwalimu akawa anafundisha amesimama mlangoni, jicho moja liko nje. Wiki ilipoisha mjomba akasema hawezi kumpelekea dada yake maiti kwa ajili ya kusoma, akanirudisha nyumbani mpaka mnyama aondoke. Mnyama aliondoka. Mimi hakuna aliyenikumbuka. Mihogo ile ilikuwa mitamu, hata sisi tulikuwaga tunaiiba, lakini nisipotee.

Ndiyo maana kikundi chetu cha maziwa kiliponichagua mwenyekiti, na mradi unaotufadhili ukasema mwenyekiti apelekwe Musoma, kwenye chuo kimoja cha wananchi, akasomee uongozi na usimamizi wa biashara, sikuweza kukataa. Nywele nyeupe zote hizi, nikanunua kalamu mbili. Chuoni hawakuuliza cheti. Waliuliza kama najua kusoma, nikawasomea tangazo la ukutani linalokataza kutema mate.

Siku ya kwanza nimekaa mbele kwa sababu ya macho. Mara mlango unafunguka, anaingia mke wa mwanangu.

Wewe wa mbali usicheke. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mkono, hawali wakitazamana. Akinikuta njiani anaacha njia. Nikitaka maji namwambia mke wangu, mke wangu ndiye anamwambia yeye, hata kama yuko hatua tatu na amesikia. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Aliyeivunja anajulikana kijiji kizima, na watoto wake wanaambiwa. Sasa huyu hapa, ametokea Bunda, anakoishi na mwanangu, na daftari lake. Aliponiona alirudi kinyumenyume, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma.

Miezi yote tulikaa hivyo, mimi mbele, yeye safu ya mwisho, sigeuki. Nikitaka kutoka nakohoa kwanza, ili atazame pembeni. Vijana wa mtaa wa Mukendo pale mjini, wenye maduka ya baba zao, wakadhani naumwa.

"Babu, hicho kifua kapime! Utatuambukiza sote!"

Sikuwaambia. Niliogopa watasema wazee wa Butiama wanaleta mila darasani. Hapo ndipo nilipokosea, maana siku ile ningesema, mwalimu angejua mapema.

Kilichomleta yeye nilikijua kwa mke wangu. Mwanangu alianguka na bodaboda, mguu haukupona. Kituo kimoja cha kukusanyia maziwa huko Bunda kilimwahidi mkewe umeneja, lakini alete cheti kwanza. Akifeli anapewa mwingine, na nyumba ile haina mtu mwingine wa kuilisha.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Alikuja msimamizi kutoka mbali, mama wa miwani. Wawili wawili, akasema, mmoja meneja, mmoja mfanyakazi mchelewaji. Meneja amkalishe, amtazame machoni, amkaripie, mwisho washikane mikono. Vikaratasi vikawekwa kwenye kofia ya mwalimu. Mimi nikatoa mfanyakazi, namba nne.

"Meneja namba nne ni nani?"

Sauti ikatoka nyuma kabisa: "Mimi."

Viti viwili vilikuwa vinatazamana. Nilikaa nikaangalia sakafu. Yeye alisimama, akageukia ubao.

"Mwambieni mfanyakazi, meneja anauliza kwa nini amechelewa."

Darasa likalipuka. "Meneja anagombana na ubao!"

"Aambiwe na nani, mama?" akasema msimamizi. "Si huyo hapo? Mwangalie."

Nikamwita mwalimu, nikasema chini chini, "Mwalimu, huyu ni mkwe wangu."

Mwalimu ni mtu wa pwani. Akatabasamu. "Basi vizuri, mzee wangu, mmeshazoeana!"

"Hatuzoeani."

Kijana mmoja wa Bunda aliacha kucheka, akaziba mdomo kwa mkono. Wengine waliendelea.

"Majina nimeshaandika," akasema msimamizi. "Dakika mbili. Mkigoma mmefeli wote."

Niliona mikono ya mkwe wangu imeng'ang'ania mgongo wa kiti. Akaanza kugeuka. Polepole, bega kwanza. Nikajua atafanya. Kwa ajili ya watoto wake angenitazama machoni na kunikaripia mbele ya watu, na angerudi nyumbani na jambo hilo, akaishi nalo mpaka kufa.

Nikasimama. "Naomba kutoka."

"Ukitoka umefeli, mzee," akasema msimamizi.

"Na yeye?"

"Yeye atafanya na mwalimu. Ndiyo utaratibu, mwenzako akiondoka."

Utaratibu huo hakuna aliyekuwa ametuambia. Nikakohoa. Bega likarudi ubaoni. Nikapita kwa mlango wa mbele, kalamu zangu nikaziacha mezani.

Nilipofika chini ya dirisha nikasikia kiti kinaburuzwa, mwalimu anakaa. Halafu sauti, kubwa, sijawahi kuisikia kwangu miaka yote aliyoolewa.

"Kaa vizuri! Hii ni mara ya tatu. Unajua lita ngapi za maziwa zimeganda kwa sababu yako?"

Hakuna aliyecheka. Mlinzi wa getini akaniuliza mbona mapema, nikamwambia nakwenda Butiama. Nikavuka barabara kuelekea stendi, na chuoni pale sijakanyaga tena.