Viganja vya Baba Mkwe

Tumpale hakuwa mwoga wa maneno. Muuguzi huyu wa zahanati ya kijiji, huko milimani Ileje, alikuwa akisimama mbele ya wanafunzi wa sekondari na kutaja kaswende na kisonono waziwazi mpaka walimu wanatazama dari. Waendesha bodaboda aliwafuata kijiweni na boksi la kondomu mkononi. Wajawazito aliwapima wote, awe mke wa mchungaji au nani. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo alivyowaambia. Wazee tu ndio hakuwagusa. Mzee wa miaka sitini na nane utamuuliza nini, jamani?

Basi mwezi wa nne mzee akaja, tena si mwingine bali Ambakisye, baba mkwe wake. Kwa kabila lao, Wandali, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Mke akimwona mkwewe njiani huingia shambani kumpisha. Hamsemeshi, wala hampi mkono. Miaka kumi na mmoja Tumpale aliishika mila hiyo, ukoo mzima ukamsifu. Na siku hiyo Osea, mganga wa zahanati, alikuwa Itumba kwenye semina.

Mzee alisimama kwenye dirisha la dawa, akageuzia uso pembeni, akalaza mikono kwenye kizingiti, viganja juu. Tumpale aliviona. Vilikuwa na madoa mekundu, na mzee hakuwa akijikuna. Alilijua somo hilo vizuri kabisa: madoa ya namna ile viganjani, mpime mtu kaswende kwanza. Akainamisha macho. Akamtuma mfagiaji ampelekee mzee dawa ya mzio na mafuta ya kupaka. Hata kumwagiza arudi Alhamisi, Osea atakapokuwepo, hakumwagiza. Heshima bwana!

Nyumbani kwa mzee alikuwepo Loisi, mke aliyemwoa baada ya kufiwa, mjamzito wa miezi mitano. Mimba ikiwa changa alipimwa akaonekana salama, na Tumpale mwenyewe ndiye aliyeandika kwenye kadi. Lakini baada ya kipimo kile mzee alikwenda Tunduma kuuza maharage, akakaa huko wiki mbili.

Miezi mitatu baadaye Loisi alijifungua mtoto wa kiume, amekwisha kufia tumboni. Osea akampima mama damu. Kaswende.

Watu walisema ni kazi ya Mungu. Tumpale alikaa msibani na wanawake wenzake, na kila pole aliyopewa ilimchoma. Wamsingizie Mungu! Yeye alijua kosa ni la nani. Usiku alijitetea kwa mila, asubuhi akaona mila haikumkataza kumtuma mfagiaji amwagize mzee arudi Alhamisi.

Osea alipowaita mzee na mkewe kuja kutibiwa, Tumpale aliomba awahudumie yeye. Aliingia chumba cha sindano, akavuta kiti, akaketi mbele ya baba mkwe wake na kumtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Baba," alisema, "ugonjwa huu niliuona mikononi mwako siku ile dirishani. Nikanyamaza. Mtoto amekufa kwa sababu yangu."

Mzee hakukasirika. Bora angekasirika. Alitazama viganja vyake ambavyo sasa havikuwa na doa hata moja.

"Siku ile nilijua Osea hayupo," akasema. "Ndiyo maana nilikuja. Yule ni kijana wa watu, angenicheka. Wewe nisingeweza kukuambia, kwa hiyo nikakuonyesha mikono. Nilisema moyoni, mwanangu amesoma, ataelewa."

Tumpale aliinuka. Alivuta dawa kwenye bomba, kisha akamwomba mzee alale kifudifudi akamchoma sindano.

Alipomaliza alifungua mlango kumwita wa pili. Loisi alikuwa kwenye benchi, gauni limelowa maziwa kifuani.

"Ahsante, dada," Loisi alisema akiinuka. "Wewe umetuhangaikia sana."