Mabano Mawili na Benchi la Kolandoto

Harufu ya dawa ya pamba iliingia darasani kila upepo ulipogeuka, ikachanganyika na vumbi la chaki hadi koo likawasha. Nilikuwa kidato cha pili mjini Shinyanga, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nikikaa kwa mama mdogo pale Ngokolo. Baba alikuwa ameondoka kwenda Geita kuchimba dhahabu, na hatukujua yuko machimbo gani. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Kolandoto, mimba ikimsumbua. Mama mdogo aliniambia subira yavuta heri, lakini hata yeye aliunguza mboga siku zile. Mimi sikutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, nikaenda bombani na ndoo ambayo bado ilikuwa na maji.

Ndipo katika somo la hesabu tukafika kwenye kufungua mabano mawili. Mwalimu Tabitha aliniita ubaoni nikokotoe (x + 3)(x + 5). Nikaandika x² + 15, nikageuka kurudi kwenye dawati.

"Kabula," aliniita, "wageni wawili wakikuta watu wawili nyumbani, kila mgeni anasalimia wangapi?"

"Wote wawili, mwalimu."

"Mbona wako wamesalimia mmoja mmoja?"

Darasa likacheka. Nikafuta, nikaandika yale yale. Hakunichapa. Alisogea, akaniuliza kwa sauti ya chini akili yangu iko wapi.

"Kolandoto," nikamjibu.

Baada ya masomo alitoa baiskeli yake, akanipakia nyuma. Upepo ulitupiga usoni. Yeye akanyonga baiskeli, mimi nikitamani kushuka nikimbie, kana kwamba miguu yangu ingeyashinda magurudumu. Hospitalini muuguzi alituzuia mlangoni: mama yuko chumba cha kujifungulia, tusubiri. Tukakaa kwenye benchi la nje. Kila kiatu kilichogonga sakafu kiliniinua. Mwalimu akaokota kijiti, akaandika mabano yale yale mavumbini.

"Fanya," alisema. "Kusubiri tutasubiri tu."

Nikachukua kijiti. x mara x, x mara tano. Kisha tatu mara x, tatu mara tano. Nikajumlisha ya katikati, nikapata x² + 8x + 15. Ilikuwa sahihi, na sikuona furaha yoyote. Nikamwomba swali lingine, kisha lingine, mpaka ardhi mbele ya benchi ikajaa.

Muuguzi alipotoka, alimtazama mwalimu kwanza. Mama alikuwa hai. Mtoto alikuwa amefariki. Nilipoingia, mama alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula. Kisha akamwona mwalimu mlangoni, akasema taratibu, "Wabeja," asante ya kwetu Wasukuma, akageukia ukutani.

Baba alirudi wakati wa kuvuna, amekonda, akakaa karibu na mama siku nyingi. Mtihani wa hesabu nilifaulu. Mama aliishi hadi uzeeni na hakumtaja yule mtoto hata mara moja.

Siku zile habari ya mgonjwa ilifuatwa kwa baiskeli. Leo inakukuta ulipo. Binti yangu alipolazwa kujifungua, mkwe wangu aliniandikia kwenye simu: "Shikamoo mama. Wote wazima." Nilisoma, nikasoma tena, na bado nikazunguka ndani ya nyumba nikigusa hiki na kile, hadi aliponipigia nikamsikia mtoto akilia. Ndipo nikakaa.